Mwiko wa Chumvi

Bibi yangu hakuwa akimpa mtu chumvi mkononi. Ukimwomba, alichukua kopo, akaliweka chini kati yenu, nawe ukaliokota mwenyewe. Nimekulia kwake Pito, pembeni mwa mji, na sikuwahi kumuuliza kwa nini, kama ambavyo sikuwahi kuuliza kwa nini mlango wa jiko letu unafungukia nje. Mimi ni mtu wa kufikiria kila jambo mpaka linachakaa. Naweza kukaa saa nzima nikijiuliza kama salamu niliyompa mtu asubuhi ilikuwa baridi mno. Lakini hilo la chumvi sikulifikiria hata mara moja, mpaka nilipokuwa nimeshaliandika.

Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani kusubiri ajira. Kutoka bwenini nilirudi na cheti, begi moja na mchezo. Ni mchezo wa karatasi na dadu: mmoja anasimulia hadithi, wenzake wanakuwa watu wa ndani ya hadithi hiyo, na dadu ndiyo inaamua kama umeruka mto au umezama. Tulikuwa watatu. Mwenzangu wa kwanza nilisoma naye sekondari. Baba yake ana duka la vifaa vya ofisi na kutoa kopi pale mjini, na Jumamosi mchana tulikaa stoo ya duka hilo, juu ya maboksi ya karatasi. Wa pili alikuwa dada mmoja aliyesomea uuguzi, akijitolea hospitali huku naye akisubiri ajira.

Kanuni za mchezo nilizijua kwa Kiingereza, nikawa nazigeuza. Nilikwama nilipofika kwa watu wenye nguvu za kichawi.

"Mchawi hapana," dada alisema. "Mama akisikia Jumamosi nacheza uchawi, Jumapili nitapelekwa kwa paroko."

"Basi mganga."

"Mganga siku hizi ana kibali na bango barabarani. Huyo hatishi."

Nikapendekeza mwanga. Nililipenda neno hilo kwa sababu lina sura mbili: mwanga wa taa, na mwanga yule anayeroga. Rafiki yangu akaichungulia karatasi yangu.

"Msomi," alisema, "umekulia Sumbawanga, halafu unaandika wanga kwa kalamu ya bluu. Ungeandika hata kwa penseli."

Tulicheka sana. Wazee wa huku husema jina la mji wetu maana yake ni tupa uchawi, na ukienda mikoa mingine ukataja unakotoka, watu wanakusogezea kiti mbali kidogo, kwa utani ambao si utani wote.

Katika mchezo ule kila mwanga lazima awe na kiapo na mwiko. Kiapo ni alichoahidi ili apewe nguvu. Mwiko ndipo nguvu zinapokaa: akiuvunja, nguvu zinamtoka, na wote aliowafunga wanafunguka. Niliipenda kanuni hiyo kuliko zote. Niliona ina haki ndani yake, kwamba hata mwenye nguvu ana mlango mmoja ulio wazi. Mwanga wa rafiki yangu alikatazwa kukaa akiupa mlango mgongo. Mwanga wa dada aliapa kutosema uongo, na kiapo hicho kilimtesa mchezo mzima.

Mimi msimulizi nilihitaji adui. Nikamweka kwenye ukingo wa bonde, pale uwanda unapokatika kuelekea Ziwa Rukwa. Niliandika hivi: "Bibi kizee. Macho mekundu. Anaishi na mjukuu mmoja. Hufunga vifua vya watoto. Mwiko wake: hampi mtu chumvi mkononi. Siku atakapompa mtu chumvi mkononi, aliowafunga watafunguka."

Nimejiuliza mara nyingi kama wakati ule nilikuwa namfikiria bibi. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote ile. Nadhani nilitafuta mwiko unaoonekana wa kweli, mkono ukaenda palipo karibu. Ile karatasi mwandiko wake haukuniridhisha, nikainakili upya, na ile ya kwanza nikaitupa kwenye boksi la kopi zilizoharibika, kando ya mashine.

Kila mtu anajua boksi lile linakwenda wapi. Linakwenda kwa mama anayeuza karanga nje ya duka. Mimi mwenyewe nimekula karanga ndani ya mtihani wa mtu, na ndani ya barua ya kamati ya harusi. Nilijua, na bado nilitupa.

Ulikuwa msimu wa upepo, ule unaopita juu ya uwanda ukiwa hauna cha kuuzuia, na watu wanavaa masweta mpaka mchana. Binti wa jirani yetu, mtoto wa miaka minne hivi, aliugua kifua. Siku ya tatu ya ugonjwa wake, narudi kutoka mjini, nikamkuta mama yake amesimama kwenye njia ya kuingilia kwetu. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa kama pembe, imelowa mafuta upande mmoja.

"Afadhali umekuja wewe uliyesoma," alisema. "Nisomee hapa. Mimi naona kama nasoma vibaya."

Niliutambua mwandiko wangu kabla hajaikunjua. Nikasoma kwa sauti. Bibi kizee, nikasema. Macho mekundu, nikasema. Nilipofika kwenye chumvi nikaendelea kama vile hakuna kitu hapo.

"Umeruka mstari," alisema, akaweka kidole.

Nikausoma.

"Nani kaandika?"

Naona sasa kwamba hapo palikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema sijui. Lakini mimi nikiogopa, nasema ukweli haraka, kama mtu anayetua mzigo.

"Mimi. Ni mchezo tu, dada. Tunacheza na wenzangu mjini."

"Mchezo." Aliikunja karatasi taratibu. "Umeandika anaishi na mjukuu mmoja. Mjukuu ni wewe. Sasa ya ndani ya nyumba ile, nani anayajua kuliko wewe?"

Nilikuwa nimekwenda kukiri kosa, nikawa nimetoa ushahidi.

Sitaandika hapa yanayoweza kumpata kikongwe mwenye macho mekundu watu wakishaanza kuzungumza. Wa huku anajua, na asiye wa huku ameshasikia. Jioni ile kabla ya jua kuzama mwenyekiti wa mtaa alipita kwetu. Hakukaa. Alimwamkia bibi shikamoo, akauliza hali ya mahindi, kisha akaniambia mimi, huku akiangalia barabara, "Bibi namfahamu tangu nikiwa mdogo. Lakini watu wanazungumza, kijana. Hiyo karatasi imeshapita nyumba nyingi."

Bibi alikuwa anachambua mboga. Ilinibidi nimweleze kila kitu: mchezo, dadu, mwiko, karanga. Aliniacha nimalize.

"Kwa hiyo umeandika nikitoa, watafunguka?"

"Ndiyo, bibi."

"Na usipoandika hivyo, mume wangu, mchezo wenu hauendi?" Aliniita mume wangu kwa utani, kama siku zote, lakini hakutabasamu.

Ndipo aliponiambia. Mama yangu alipoolewa Kirando alikuja kuaga asubuhi, na bibi, kwa kuwa hakuwa na kingine, alimtia chumvi kwenye kiganja, akamfumba vidole, akamwambia ikatie ladha dagaa wa huko ziwani. Hakumwona tena akiwa hai. Mimi nililetwa Pito nikiwa nimefungwa mgongoni mwa mtu mwingine. Tangu hapo alijiapia hatamtia mtu yeyote chumvi mkononi. Nguvu hakuwahi kuziomba. Aliapa ili kiganja cha mwisho kilichopokea chumvi yake kibaki kile.

"Kesho nitampa," alisema.

Nilimkatalia. Nilimwambia mtoto akifa baada ya hapo, watasema alimmalizia. Niliyapanga mabaya yote yanayoweza kutokea, moja baada ya jingine, na nilikuwa na hakika nimeyamaliza. Nikampigia simu yule dada muuguzi, akaahidi kuja asubuhi kumpeleka mtoto hospitali.

Asubuhi alikuja na bodaboda. Mama mtu alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni. Pumzi yake ilisikika kabla hujamwona. Majirani walikuwa wamesimama, kila mmoja akijifanya ana kazi na uzio wake. Bibi alitoka na kopo. Akaenda moja kwa moja.

"Lete mkono, mwanangu."

Jirani aliutoa mkono nusu. Bibi akaushika, akamimina chumvi kwenye kiganja, akataka kumfumba vidole. Vidole havikufumbika. Bibi alisimama pale ameushika ule mkono wazi, na nadhani mimi peke yangu nilijua anamwona nani. Kisha akageuka, akarudi ndani. Bodaboda ilipoondoka, kando ya njia palibaki alama nyeupe kwenye vumbi.

Mtoto alipona.

Hilo sikuwa nimeliweka kwenye orodha yangu. Yule dada muuguzi alinieleza: nimonia, oksijeni, sindano asubuhi na jioni, siku tano. Nilifurahi kwa muda ambao mtu hutumia kuvuka barabara. Kisha nikaikumbuka kanuni niliyoipenda, ile yenye haki ndani yake.

Mama wa mtoto alikuja na jogoo. Alipiga magoti, akaamkia, akasema, "Asante, bibi, kwa kumfungulia mtoto."

"Alichomwa sindano, mwanangu."

"Alichomwa, ndiyo. Lakini alichomwa baada."

Alisema bila chuki, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa anashukuru kweli. Jogoo alibaki amefungwa kwenye mguu wa kiti, na hakuna aliyethubutu kumchinja wala kumrudisha.

Baada ya hapo hakuna aliyetutukana. Watu walimsalimia bibi kwa adabu kuliko zamani. Akipita, watoto waliitwa ndani kwa sauti ya kawaida, kama wanaitwa kula. Mchana mmoja jiwe lilianguka juu ya bati letu. Moja tu, na halikuwa kubwa. Tulikaa tukisubiri la pili mpaka jua likazama, halikuja. Keshoye mwenyekiti alipita tena, akasema, bado akiangalia barabara, "Angeenda kupumzika kwa ndugu zake kidogo."

Mchezo uliisha wenyewe. Rafiki yangu alitafuta lile boksi akalichoma lote, na kopi za watu wasiohusika humo ndani. "Ungeandika kwa penseli," alisema. Safari hii hatukucheka.

Nilimpeleka bibi kijijini Mwazye kwa mdogo wake, anayeishi huko na mkwe wake, mke wa mwanawe, mwenye kichanga. Ndani ya basi alishika kifurushi chake cha ulezi mapajani. Walitupokea vizuri. Ugali uliposongwa, mdogo wake akiwa ameinamia chungu cha maharage alinyoosha kiganja nyuma bila kuangalia. "Dada, nipe chumvi."

Nilimtazama bibi. Alikiangalia kiganja kile kilichokuwa wazi, akachukua kopo, akaliweka chini kati yao.

Mdogo wake aliliokota, akaendelea kupika. Mkwe alikuwa ameketi mlangoni na mtoto kifuani. Aliliangalia kopo, akamwangalia bibi. Upepo uliingia. Kichanga kikakohoa mara moja, kikatulia, nami nikajikuta nahesabu, nikisubiri kikohoe tena.