Mianzi Yote Haitoshi

Mwenzenu Ijumaa nilijiponza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Bosi wetu, Bi Lin, alikuwa akistaafu kutoka nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya uuguzi, hapa Weston, ughaibuni. Wenzangu wakaleta keki. Keki! Mimi nikaapa nitamsifu kwa Kichina, lugha ya kwao. Kwenye simu nikapata msemo mtamu ajabu: mianzi yote ikatwe iwe ya kuandikia, kama walivyofanya Wachina wa kale, bado matendo yako hayataisha kuandikwa. Maelezo yalikuwa marefu, lakini mtu mwenye furaha hasomi hadi mwisho. Nikaukariri wiki nzima kwenye treni, hata jirani yangu akahama kiti.

Siku ikafika. Nikasimama na kitenge kipya mbele ya Bi Lin, binti yake, na mama yake mzazi wa miaka tisini. Nikautamka kwa sauti ya mhubiri. Wakatazamana. Nikajua nimewagusa, basi nikaurudia kwa nguvu zaidi, mkono juu!

Bi Lin akaziba mdomo, mabega yakimtetemeka. Nikampa kitambaa alie vizuri.

Binti yake akaninong'oneza kwa Kiingereza, "Wanjiru, huo si msemo wa sifa. Huambiwa mtu mwenye maovu yasiyohesabika."

Kabla sijapata pa kujificha, yule bibi wa miaka tisini akanikamata kitenge, macho yamemtoka, akaniuliza jambo kwa Kichina.

Binti akatafsiri, "Bibi anataka kujua, mwanawe ameua wangapi?"