Usimlishe Farasi wa Rebeka

Huyu ni Rebeka Maige Shigela wa Bujora. Babu yake, Shigela, ndiye aliyeswaga ng'ombe wa watu kutoka Magu hadi mnadani Mwanza mwaka wa njaa, asipoteze hata ndama. Baba yake, Maige, alichimba kisima kwa sururu mahali ambapo wazee wote walisema hakuna maji, na hadi leo tunachota hapo. Mama yake alizalisha wanawake wa njia hii yote, na mimi nikiwemo. Rebeka mwenyewe alimfukuza fisi zizini kwa mwiko, tena mwiko ukiwa bado una ugali. Kaka yangu alimwoa kwa ajili ya mwiko huo. Nayasema haya mapema ili anayesoma ajue kwamba wifi yangu hakuwahi kushindwa na kiumbe yeyote, mpaka walipokuja wapita njia.

Mambo yalianza na mkwe. Binti wa Rebeka, Queen, aliolewa na Collins Ojuok, Mjaluo wa Mara, ambaye kazi yake ni kupamba harusi kule Nyegezi. Collins ana farasi. Bwana harusi anapandishwa, anapelekwa ukumbini, watu wanapiga picha. Siku ya mahari alileta ng'ombe kama watu wengine, na nyuma ya ng'ombe wakaja farasi wawili, dume aitwaye Jenerali na jike aitwaye Prinsesi. Nyegezi hakuna malisho, kila mahali ni nyumba. Akaomba wakae kwenye shamba la mama mkwe, awe anawachukua siku za harusi. Na kwa kuwa kwetu mkwe hazungumzi ovyo na mama mkwe, maneno hayo yalipitia kwangu. Jibu nalo likapitia kwangu.

"Mwambie hapa kwangu hawatapata dhara," Rebeka akasema.

Neno hilo ndilo lililokuja kumtesa.

Shamba lake liko kando ya barabara iendayo makumbusho, limezungushiwa ua wa minyaa, wenye pengo upande wa barabara. Watu wa kwetu wamezaliwa katikati ya ng'ombe, na punda wanamjua, lakini farasi walimwona kwenye picha tu. Sasa huyu hapa, anawachungulia juu ya minyaa kwa macho yale makubwa. Na sisi tulivyolelewa, mgeni hatazamwi bure. Mgeni anapewa kitu. Ng'ombe akila majani, huyo ni ng'ombe. Farasi akila majani watu wanasikitika: "Maskini, mgeni wa watu ameachiwa majani!" Basi mwenye andazi anatoa andazi, mwenye muwa anavunja muwa. Kubwa kuliko yote ilikuwa michembe, vile viazi vitamu tunavyokata na kuanika juani mpaka vinakuwa vikavu kama vigae. Gladness alikuwa anauza michembe kwenye kibanda chake ng'ambo ya barabara, akitazamana na pengo la ua.

"Gladness, nimekuona," Rebeka akasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuona."

"Ni vipande tu, mama. Ananiangalia sana."

"Hata mimi nakuangalia sana, mbona hujawahi kunipa?"

"Wewe una jiko, mama. Yeye ana jiko?"

Rebeka akamwita Venant, fundi wa maandishi kutoka Mabatini, akaandika bango kwa rangi nyekundu: TAFADHALI USILISHE FARASI. Bodaboda mmoja akasimama, akalisoma kwa sauti hadi mwisho, kisha akampa Jenerali nusu ya chapati yake.

"Baba, hujasoma?" Rebeka akamuuliza.

"Nimesoma, mama. Hilo ni la wale wanaolisha kila siku. Mimi napita tu, natoka Kisesa."

Na kila mmoja alikuwa anapita tu! Ubaya zaidi, bango lilimletea Rebeka sifa ambayo ukoo wake haukuwahi kuwa nayo. Kanisani wanawake walinong'ona kwamba mama Queen ana choyo, mpaka ameandika kabisa kwamba mnyama wa mkwewe asipewe chakula. Mjukuu wa Shigela, kuitwa mchoyo! Nilitaka kuwajibu palepale kwenye benchi, Rebeka akanifinya.

Siku moja ya gulio Jenerali alilala chini, akainuka, akalala tena, akawa anagaragara na jasho linamtoka kama aliyemwagiwa maji. Pius, daktari wa mifugo, akaja na pikipiki. Alimwekea sikio tumboni, akatikisa kichwa.

"Amekula nini kikavu?"

Gladness alikuwa amesimama pale, na kapu lake lilikuwa jepesi.

"Michembe ikikutana na maji tumboni inavimba," Pius akasema. "Mbwa angetapika. Farasi hawezi kutapika, mama. Kikishaingia kimeingia."

Jenerali alikufa kabla jua halijashuka. Gladness alilia kuliko sisi wote. Na hapa ndipo utajua watu wa njia hii ni watu wa namna gani: walikuja kutupa pole, wakamwona Prinsesi amebaki peke yake, wakamwonea huruma, wakampa na yeye pole. Ya michembe.

Rebeka alichukua ufagio akawafukuza waombolezaji wake mwenyewe.

Pius alipompima Prinsesi alikuta ana mimba. Collins akatuma neno kwangu kwamba anaona bora amrudishe Nyegezi, hata kama ni kumfunga nyuma ya ukumbi. Rebeka akasema, "Wifi, akimchukua, mimi ni nani? Nilisema hawatapata dhara. Mmoja nimemzika." Nikampigia Collins. Ni kijana mwenye adabu, lakini alikuwa ameumia. Alisema Bulabo inakuja, barabara itajaa watu. Bulabo ikipita na Prinsesi akawa mzima, atabaki. Akiugua, anamchukua.

Asiyeijua Bulabo aje Bujora mwezi wa sita. Ni sikukuu ya ngoma, na watu wanatoka Usukuma nzima, kila mmoja na kifurushi cha chakula. Rebeka alikaa kwenye pengo la ua na kigoda chake na fimbo ndefu tangu asubuhi. Sauti ilimkauka.

"Ondoa mkono!"

"Mama, ni ganda la ndizi tu!"

"Ondoa na ganda!"

Ukizuia huku, mikono inapenya kule. Mchana Collins alifika kumtazama mnyama wake. Alikuwa na njaa, akanunua ugali na sato kwenye kibanda kilicho jirani na cha Gladness. Ameshanawa, tonge liko mkononi, ndipo akainua macho akamwona mama mkwe wake kule ng'ambo. Akalirudisha tonge haraka. Watu wakaelewa mara moja. "Mpisheni, mama mkwe wake yule!" Wakageuza nyuso. Mcheza ngoma mmoja akasimama akamkinga kwa ngoma yake mpaka kijana akapita na sahani yake nyuma ya kibanda. Hakuna aliyemwambia, "Kula, maskini, unaangalia sana."

Rebeka akainuka.

"Nyie! Mbona huyo hamkumlisha?"

"Mama, mkwe anakulaje mbele yako?" mcheza ngoma akajibu.

"Na huyu je?" Akampiga Prinsesi kofi la shingo. "Alikujaje hapa? Si alikuja na mahari? Mkwe huyu! Hali mbele ya watu. Anakula majani yake akiwa amegeuka, na nyie mnakuja kumtia chakula mdomoni barabarani kama hana kwao. Mnaniaibisha!"

Watu walicheka sana. Lakini nakuambia, mikono ilirudi. Mama mmoja alikificha kipande chake cha muwa ndani ya khanga, akaomba samahani, na alimwomba farasi. Na aliyeanza kuwakemea waliofika nyuma alikuwa nani? Gladness. "Wewe! Mkwe wa watu huyo! Huna adabu?" Bango lilikaa pale kwa miezi bila kumzuia mtu. Aibu ilizuia kwa siku moja.

Bulabo ikapita. Prinsesi akabaki, na mvua za vuli zilipoanza alizaa dume, miguu mirefu kama mabua ya mtama. Tukadhani tumepumzika.

Wiki hiyohiyo walipita wanafunzi na maandazi. Mtoto wa farasi akatoa pua kwenye minyaa.

"Acheni! Mkwe hali mbele ya watu!" Gladness akapiga kelele.

"Mkwe ni mama yake," msichana mmoja akajibu bila hata kusimama. "Huyu ni mjukuu. Mjukuu anakula popote."

Gladness akamgeukia Rebeka. Mimi nikamgeukia Rebeka. Wifi yangu aliinuka, akachukua kigoda chake na fimbo. Alivuka barabara polepole, akaweka kigoda mbele ya Gladness, akamkabidhi na fimbo.

"Jenerali alikula kwako," akamwambia. "Huyu ni wako kumlinda. Kaa hapo."

"Mama, sasa niwaambie nini?"

"Mimi nilitafuta la kwangu. Tafuta la kwako. Na uanze na huyo mwenye andazi, ameshafika kwenye ua."