Oili ya Lori Kwenye Pikipiki ya Dada

Huyu fundi wa pikipiki watu walimwita Pua, na si kwa sababu pua yake ilikuwa kubwa, ingawa ndogo nayo haikuwa. Ukimletea pikipiki iliyoungua klachi, alikutajia ugonjwa kabla hujazima injini. Aliinama, akanusa mara moja, akasema hiyo imekwisha, ingiza ndani. Hakukosea, na sifa hiyo ilimkolea hasa.

Lakini kitu kilichomwacha mdomo wazi maisha yake yote ni klachi yenyewe, kile kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi. Hebu fikiria: pleti zake, visahani vyembamba vinavyobanana, zinaogelea kwenye oili ileile inayolainisha injini nzima, halafu zinatakiwa zishikane zibebe mtu na mzigo wake. Kinachotelezesha kila kitu, hapo kinaacha vitu vishikane! Pua aliliwaza jambo hilo mpaka spana ikamponyoka. Aliona ajabu kama hiyo haichezewi, na ndiyo maana gereji yake ilikuwa na amri moja: pikipiki yenye oili ya lori haiingii. Fundi aliyemlea kikazi alimwambia kwamba oili nzito ya injini za dizeli huifanya klachi iteleze, basi, mjadala umefungwa. Aliyekuja nayo alitolewa mbio. Sasa kichekesho ni hiki: kwa kuwafukuza wote hao, Pua hakuwahi kufungua hata klachi moja iliyoogea oili ya lori. Alijua tu.

Mbishi wake mkubwa alikuwa humohumo kwenye ukoo. Mume wa dada yake, dereva wa lori, aliiwekea pikipiki yake oili ya pipa lilelile alilolitumia kwa lori. Alisema maandishi ya pipa ameyasoma yote, hata yale madogo ya chini, na yanasema inafaa kwa klachi inayokaa ndani ya oili. Pua akamwambia maandishi hayapandi mlima. Yule bwana hakukasirika.

"Shemeji," alisema, "akili za kuambiwa, changanya na zako. Fungua uone."

Pua akacheka, akamshauri ashike usukani wake awaachie mafundi ufundi. Siku nyingine aliombwa tena, akacheka tena. Kisha shemeji akaugua, akafariki, pikipiki na pipa vikabaki kwa dada. Dada akawa anasambaza mikate madukani kwa pikipiki ile, na kila oili ilipochoka alichota kwenye pipa la marehemu. Pua alipotaka kumsema, dada alimtazama jicho moja tu, na toka hapo ndugu hao wawili walizungumza mambo yote ya dunia isipokuwa hilo.

Mama yao alikaa kwa Pua, na alikuwa na pumu. Asubuhi moja ilimbana kuliko siku zote. Dawa yake ya kuvuta haikufua dafu, midomo ikaanza kubadilika rangi. Hospitali iko juu ya kilima, barabara yake ni mawe matupu, na mvua ya jana yake ilikuwa imekata njia ya magari. Na pikipiki ya fundi? Loo! Ilikuwa mezani vipande vipande ikisubiri kipuri, na za wateja kila moja na maradhi yake. Aliyetokea mlangoni ni dada, kaleta mkate wa mama. Alimtazama mama, akauweka mkate chini.

"Mpakie," alimwambia ndugu yake. "Wewe kaa nyuma umshike."

Pua akampakia mama, akapanda nyuma yake.

Kilima kile ni kaburi la klachi, na wao walikuwa watatu juu ya pikipiki moja. Pua alimkumbatia mama, sikio kaliweka mgongoni kwake, akisikia kifua kinapiga filimbi na kila pumzi inakuwa fupi kuliko iliyotangulia. Pua yake nayo kaitega, inasubiri harufu. Klachi ikiteleza hapa, mama hana miguu ya kumfikisha juu, na ndugu hawa hawana mama. Kwenye kona yenye mwinuko mkali dada akapunguza, akashusha gia, akaachia klachi taratibu. Hapo ndipo zinapoungulia. Pua alifumba macho, akangoja injini ipige kelele ya bure na pikipiki isimame. Tairi likauma mawe. Wakapanda, wakapanda tena, na alichonusa njia nzima ni mikate kwenye nguo za dada na mafuta ya nywele ya mama.

Hospitali walimwekea mama hewa. Daktari alisema amefikishwa kwa wakati, wangekawia kidogo yeye daktari angekuwa anawaambia maneno mengine. Jioni mama alikuwa amelala, kifua kimetulia, na Pua alisimama pale kitandani akilitazama blanketi linavyopanda na kushuka.

Mama aliporudi nyumbani, Pua alimwomba dada ailete pikipiki gereji. Akaisukuma ndani mwenyewe, akamwaga oili, akafungua kifuniko, akachomoa pleti moja baada ya nyingine na kuzipanga juu ya kitambaa safi. Hakuamini macho yake. Gamba la pleti za kushikia lilikuwa bado nene, mifereji yake inaonekana yote, na zile za chuma tupu zinazokaa katikati yake hazikuwa na hata doa la kuungua. Alizinusa. Akazinusa tena. Huenda si kila oili ya lori ingeweza hayo, lakini hii iliyochaguliwa na mtu aliyesoma pipa lake mpaka chini, ilikuwa imeweza, na mama alikuwa hai.

Dada alisimama mlangoni, mikono kaikunja kifuani. Pua hakumtazama. Aliinua pleti moja kwenye mwanga, oili ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Shemeji," alisema polepole, "nimefungua."

Dada akatoka. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu, na mkononi alikuwa na dumu lililojaa oili ya kwenye pipa. Akaliweka karibu na goti la ndugu yake.