Colombe Amekata Nywele, Bwana Yuko Machimboni

Colombe alikuwa ameupanga mtindo ule tangu mtoto ana mwezi mmoja. Tangu ajifungue nywele zilikuwa zinamtoka kwa konzi. Kila asubuhi kitana kinajaa, na paji la uso linazidi kupanda. Ndipo akaona picha kwenye simu: msichana amekata fupi kabisa, karibu na ngozi, akatia rangi ya dhahabu. Akamwonyesha bwana yake, Donatien, kabla hajarudi kuchimba kule Shabunda. Donatien akacheka.

"Fanya, mama Mélanie. Nikishuka kwa ubatizo, nikukute unawaka."

Ubatizo wa mtoto ulikuwa Jumapili. Na simu ya Donatien ilikuwa imezimwa siku tisa.

Huko kwenye mashimo mvua ilikuwa haikatiki, na mvua na shimo si marafiki. Colombe hakulisema hilo kwa mtu. Alijua pia jambo lingine, ambalo kwao mwanamke hujua bila kuambiwa: mke hunyoa akifiwa na bwana. Kukata sasa kulikuwa kama kuita msiba kwa jina lake. Lakini kuahirisha je? Kuahirisha kungekuwa kukubali kwamba Donatien haji. Ijumaa akamwachia mama mkwe mtoto, akashuka kwa Bintu, msusi.

"Unatetemeka nini? Mi nakata nywele, sikati shingo," Bintu akasema.

"Fanya mbio, dada, kabla sijakimbia."

Mkasi ukalia. Nywele zikaangukia kitambaa chake cha kichwa, alichofunikwa mabegani. Colombe alifumba macho. Alipofumbua, kioo kilimwonyesha kichwa kidogo cheusi na macho makubwa kuliko uso. Bintu akafungua paketi ya rangi: imekauka, ngumu kama jiwe.

"Aah, hawa wauzaji! Ngoja nipande soko, nilete ingine."

Lakini saa ya kunyonyesha ilikuwa imefika. Maziwa yalishaanza kulowesha blauzi. Colombe akasema anakwenda mbio na kurudi. Akashika kinjia cha mawe kinachopanda kwao Kadutu, akiwaza mtoto tu. Kitambaa kilibaki kwa Bintu, kimejaa nywele.

Monique, jirani yao, alikuwa anaanika nguo. Akamwona anapanda, kichwa wazi, kimekatwa, mbio. Beseni likamtoka mikononi.

"Yooo! Donatien! Yooo, tumekwisha!"

Colombe alilisikia jina lile akiwa bado chini. Basi habari imefika. Imefika yeye akiwa kwenye kiti, anajipamba. Akaanza kulia naye, akipanda kwa kushika mawe. Huko juu wanawake walikuwa wanatoka milangoni. Mama mkwe wake, maman Adélaïde, akatokea na mtoto mgongoni, akakiona kile kichwa, akakaa kwenye matope.

"Nani alikupigia?" akauliza.

"Mimi? Ni ninyi, maman! Nani aliwapigia ninyi?"

"Sisi? Si ni wewe umenyoa!"

Mtoto peke yake ndiye aliyeendelea kulia, anataka ziwa.

"Ni ya ubatizo, maman," Colombe akasema. "Nilikata ili nitie rangi. Rangi ndiyo ilikosa."

Monique akaficha uso ndani ya shuka mbichi. Maman Adélaïde hakucheka. Alisimama polepole, akamshika Colombe kichwa kwa mikono miwili, kama anayepima parachichi.

"Hii kichwa nyeusi hailale kwangu. Turudi, nakufuata. Akupake mpaka watu wa ng'ambo ya Ruzizi waione. Hakuna mujane wa kung'aa."

Saluni, Colombe alinyonyesha huku rangi inamuuma kichwani. Simu aliiweka pajani. Hakuthubutu kuiangalia, hakuthubutu kuiacha. Nyuma yake mama mkwe alikuwa ameinamia kile kitambaa, anaokota nywele moja moja na kuzifunga kwenye pembe ya kitenge chake.

"Unazipeleka wapi, maman?" Bintu akauliza.

"Za msiba hutupwa. Hizi ziko na mwenyewe. Atakuja aziulize."

Colombe akamtazama kwenye kioo. Fundo la kitenge lilifungwa, likalegea, likafungwa tena, mara tatu.