Kesi ya Kufunga Mvua

Redio ya mama ina ugonjwa wa kukohoa, lakini taarifa ya hali ya hewa haiikosi. Mwaka ule ilitangaza kwamba mvua za kanda ya kati zingechelewa kwa sababu ya pepo za huko baharini. Mama akaizima, akasema, "Afadhali." Nilicheka, maana hapa Dodoma mtu anaweza kuisema serikali, akamsema mkwe wake, akamsema hata mchungaji, lakini hathubutu kusema afadhali mvua ichelewe.

Alikuwa na sababu zake. Nyuma ya nyumba yangu, pembezoni mwa mji, vijana walikuwa wamemfyatulia matofali ya udongo, yamepangwa juani yakauke ndipo yachomwe. Mama alitoka Mvumi kuja kukaa nami baba alipofariki, na sasa aliamua kujenga jiko lake mwenyewe. Jiko langu la gesi hakulipenda hata kidogo. Alidai linaivisha mlenda kwa haraka ya watu wa ofisini. Mvua moja tu kabla ya kuchoma, na jiko lake lingekuwa tope.

Upande wa pili wa ua wa minyaa alikaa rafiki yake, mama mmoja wa Kondoa, aliyekuwa amepanda uwele kabla ya mvua, mbegu zake zimelala kwenye vumbi zikingoja. Mmoja alitaka jua, mwenzake alitaka mvua, na jioni walikaa pamoja kuchambua mboga na kucheka. Kila mmoja alijua mwenzake anaomba nini, wala halikuwakosesha usingizi. Lilinikosesha mimi. Mungu akiletewa maombi mawili kutoka pande mbili za ua mmoja, anafuata lipi? La aliyetangulia? La mwenye shida zaidi? Nilimuuliza mama. Akanijibu kwamba nimesoma sana.

Mvua ikazidi kuchelewa. Maneno yakaanza sokoni Majengo, yakafika mtaani kwetu kabla ya nyanya: mwenye matofali amefunga mvua. Huku kwetu wafyatuaji matofali husingiziwa hivyo kila kiangazi kinapokuwa kirefu. Nilikasirika sana. Nikaanza kumweleza muuza nyanya habari za zile pepo za baharini, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sawa, na hizo pepo nani kazituma?" Nikanunua nyanya.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano uwanjani mbele ya ofisi yake. Ni mtu wa amani, alitaka yaishe kabla hajatokea wa kwenda kuyakanyaga matofali. Njiani nilimfundisha mama: akuulize asiulize, wewe sema hapana. Mwenyekiti akamwamkia, "Shikamoo mama yetu," kisha akauliza kwa upole kama aliwahi kutaka mvua isinyeshe.

"Marahaba, mwanangu. Nilimwomba Mungu aicheleweshe kidogo," mama akasema. "Mpaka nichome."

Watu wakaguna. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasimama nikasema kwamba kutaka na kutenda ni mambo mawili, na kama kutaka ni kosa, basi pale uwanjani kila mtu ana kesi ya kujibu. Nililipenda sana neno langu. Mzee mmoja akaniuliza, bila ubishi wowote, "Mtu akitaka jambo, na jambo likawa, sisi tutajuaje hahusiki?" Nikakaa.

Ndipo mama wa Kondoa akainuka, akakaza khanga yake kiunoni. "Mimi naomba inyeshe tangu siku niliyopanda," akasema. "Sijasikilizwa. Kama huyu jirani yangu ndiye anayesikilizwa, mnamgombeza ya nini? Mwambieni atuombee na sisi."

Niliuona mtego ule wote. Mama akikataa, ana roho mbaya. Akiomba ikanyesha, basi ni kweli aliifunga yeye, na matofali ndiyo yameondoka. Mama hakuuona, au aliuona akaupuuza. Alisimama, akafumba macho, akaomba mvua kwa Kiswahili, na mwishoni akaingia kwenye Kigogo. Sote tukatazama juu. Anga lilikuwa jeupe. Tukangoja. Mtu mmoja akacheka, wakafuata wengine, na mwenyekiti akatangaza kwamba kesi imekwisha, kwa kuwa mama yetu hana madaraka yoyote huko juu. Watu wakaja kumpa mkono.

Nilirudi nyumbani natamba. Mlangoni mama akanigeukia. "Umeona walivyofurahi kwamba sikusikilizwa?" akauliza. Sikuwa nimeliona hilo, nikaona haya. Uvumi wa sokoni alikuwa ameuvumilia bila shida. Kilichomuumiza ni kule kuachiwa huru kwa kuwa Mungu hakumsikiliza, na jioni ile hakugusa chakula.

Zikapita siku. Alasiri moja upepo uligeuka na vumbi likaanza kunukia mvua. Nilipotoka nje nilimkuta mama wa Kondoa ameshapita kwenye upenyo wa ua na turubai analoanikia nafaka. Tukalivuta huku na huku juu ya matofali ambayo bado hayajachomwa, mvua ikituchapa, tukafunika tulichoweza. Safu za mwisho zililainika, zikainama, zikalala chini.

"Pole, jirani," mama wa Kondoa akasema, akiangalia chini kama mkosaji, na nyuma yake uwele ukinywa maji.

Mama alikuwa amesimama kwenye tope, kilemba kimemlowa chapachapa, anatabasamu. Nilidhani ni mshtuko, nikamwendea. Akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Niliomba tena inyeshe, leo asubuhi," akaninong'oneza. "Usimwambie mtu."