Gari Linalokonyeza

Kila besi ya muziki ilipodunda ilivuta umeme, taa za gari la Fundi Spika zikafifia na kuwaka. Madereva waliokuja mbele yake walidhani anawasalimia, nao wakamjibu kwa taa.

"Baba watoto, wenzako unawafungia kapasita ya kutuliza umeme. Lako litakonyeza watu mpaka lini?" mkewe alilalama.

"Kinyozi hajinyoi, mama," alisema, lakini akaifunga.

Taa zikatulia tuli. Jioni ile hakusalimiwa na yeyote njia nzima. Fundi, ambaye kutwa alishinda peke yake na nyaya, alijihisi mgeni mjini.

Asubuhi mkewe alimkuta kwenye buti ya gari, akiifungua ile kapasita.

"Imeungua?"

"Nzima. Gari haliihitaji."

"Gari, au wewe?"

Fundi akachomoa waya wa mwisho. Mkewe akapanda, akaongeza besi mwenyewe.