Mkurugenzi na Faili Zake

Kwenye chuo kimoja cha ushonaji palikuwa na fundi wa kompyuta, mwanamke mwenye vidole vyepesi hata inzi walikuja kujifunza kuruka kwake. Wepesi wote huo ulifungiwa katika chumba kisicho na dirisha, feni ikikoroma kama shemeji aliyeshiba. Mama yake alipangiwa kupasuliwa macho Jumatatu, na fundi ndiye mwanawe wa pekee wa kumshika mkono.

Alipoomba likizo, mkurugenzi alikohoa, makaratasi yakaruka mezani.

"Binti, ukiondoka, mfumo ukianguka nani atauinua? Mimi na kitambi hiki?"

Na kweli mfumo ulianguka kila asubuhi. Tovuti ya chuo iliishi ndani ya kontena. Si lile la chuma la bandarini, bali kijichumba ndani ya kompyuta ambamo programu hufungiwa isiguse vya wenzake. Programu hiyo iliingia kama mtumiaji wa kawaida. Mkurugenzi naye alikuwa na nywila ya mtumiaji mkuu, anayeruhusiwa kila kitu, na ndiyo aliyoitumia kuweka matangazo yake. Kila faili aliyoigusa ikawa mali ya mkuu. Programu ikija kuiandika, inafukuzwa: huna ruhusa! Wanafunzi hawajisajili, simu zinalia, fundi anarudisha umiliki. Kesho yake yale yale. Unapiga deki, mwenzio anapita na matope.

Angeweza kumfungulia kila mtu kila kitu, lakini huko ni kung'oa mlango kwa kuwa ufunguo umepotea, na mle mlikuwa na vyeti vya watu.

"Mzee, usiudhike," alisema. "Anayeuangusha ni wewe. Ingia kama mtu wa kawaida."

"Mimi? Nimesota maisha yote ili niwe sawa na mlinzi?"

Fundi akarudi chumbani. Kompyuta haijali jina, hutazama namba ya mtumiaji. Basi akamtengenezea mkurugenzi akaunti, akaiita Mkuu wa Wakuu, akaipa namba ile ile ya programu ndani ya kontena, ili faili azigusazo zibaki mali ya programu. Nywila ya zamani akaibadilisha kimya kimya. Mkurugenzi alipoliona jina, alicheka mpaka magego yakapigwa na upepo.

"Sasa hii ndiyo heshima!"

Asubuhi hiyo mfumo haukuanguka. Wala iliyofuata. Ijumaa fundi akaingia ofisini kifua mbele.

"Mzee, sasa hauanguki hata upigwe teke. Naomba hiyo Jumatatu."

Mkurugenzi akamtazama kwa mapenzi, kama mtu atazamavyo nguzo ya nyumba yake.

"Haujaanguka kwa sababu upo, binti. Nikuachie uende, nina wazimu?"

Fundi akapiga hesabu kichwani. Akisema kilichouponya mfumo, mzee atajua kwamba Mkuu wa Wakuu ni mtu wa kawaida tu, naye ataidai nywila yake siku hiyo hiyo, na mfumo uanguke tena.

Simu ikatetemeka kiganjani.

"Mwanangu, unafika saa ngapi?"

"Mama," akasema, "hebu muulize jirani kama Jumatatu ana nafasi."